Modeli ya utando wa bakteria kwenye majitaka: usianze na kasi ya ukuaji

Mkuu, unasema modeli yako ya tangi lenye vipande vya plastiki vinavyoelea inamaliza karibu amonia yote, ilhali maabara wanapata nusu imebaki, na unauliza kama ushushe kasi ya ukuaji wa bakteria mpaka namba zilingane. Usiishushe. Ulichotumia ni milinganyo ya ASM1, modeli ya majitaka iliyotengenezwa kwa bakteria wanaoelea, na humo kila seli inapewa oksijeni ile ile iliyomo kwenye maji. Wako wameganda kwenye plastiki kama utando, na ndani ya utando walio juu wanashiba, walio chini wanalala njaa.

Kabla ya kufungua programu yoyote, piga hesabu ya mkono. Kina ambacho oksijeni inafika ndani ya utando ni kipeuo cha pili cha 2DC/r: D ni kasi ya oksijeni kusambaa, C ni oksijeni iliyomo kwenye maji, r ni kasi ya bakteria kuila. D ya oksijeni kwenye maji ni kama 0.00018 m²/siku, na ndani ya utando zidisha kwa 0.8 upate 0.000144. Chukua C ya 4 g/m³. Kwa r, weka walaji wa uchafu wa kaboni 20,000 g COD/m³ (COD ni kipimo cha uchafu kwa oksijeni inayohitajika kuuoksidisha), kasi ya ukuaji ya 6 kwa siku, uzalishaji wa seli 0.63: 20,000 × 6 × 0.37 ÷ 0.63, utapata karibu 70,000 g/m³ kwa siku. Kina ni mikromita 128 tu. Utando wako una unene wa mikromita 500? Basi robo tatu yake haioni oksijeni. Na ukipandisha oksijeni mara mbili, kina kinaongezeka kwa asilimia 41, si mara mbili.

Hapo bado hujaweka kile ambacho wengi husahau, tabaka la maji tulivu linalogusa utando. Lipe mikromita 100. Bila tabaka hilo, oksijeni inayoingia ni 9 g/m² kwa siku. Ukiliweka inabaki 5, kwa sababu juu ya utando oksijeni imeshashuka kutoka 4 hadi 1.2. Kina nacho kinabaki mikromita 71. Namba moja hiyo tu inakata karibu nusu ya uwezo wa tangi, na haina uhusiano wowote na bakteria. Ndiyo ya kurekebisha kwanza, kati ya 50 na 200, kulingana na nguvu ya kuchanganya.

Amonia inaumia zaidi. Walaji wa kaboni wanakua haraka, wanakalia tabaka la juu, na bakteria wa amonia, ambao huhitaji karibu g 4.3 za oksijeni kwa kila g ya nitrojeni, wanasukumwa chini kusikofika oksijeni. Kwa hiyo angalia COD inayoingia kwenye tangi hilo. Ikiwa kubwa, modeli sahihi lazima ionyeshe amonia inabaki, hata kasi ya ukuaji ikiwa sahihi kabisa.

Kagua na eneo la kushikia utando. Vipande vya K1, aina moja ya vipande hivyo vya plastiki, vina 500 m² kwa m³ ya vipande vyenyewe, si ya tangi. Ukijaza asilimia 67 una 335. Aliyeandika 500 amejizawadia nusu nzima ya ziada.

Weka kubanduka kwa utando, kwa mfano sawia na unene kwa kipeo cha pili; bila kubanduka utando utaendelea kunenepa. Usigawe muda kwa sekunde kwa ajili ya oksijeni: kwenye mikromita 200 inatulia ndani ya nusu dakika, ilhali bakteria wanabadilika kwa siku. Tatua mgawanyo wa oksijeni kama uliotulia kila hatua, ukigawa utando tabaka 15 hadi 20 zikiwa nyembamba zaidi juu. Halafu iache modeli iende siku 100 au zaidi. Ukisoma majibu siku ya 20 unasoma makadirio yako ya mwanzo.

Jaribio la kweli ni kupandisha oksijeni kutoka 4 hadi 6 na kupima amonia. Ikipungua, oksijeni ndiyo kikwazo. Isipobadilika, tafuta kwenye amonia yenyewe au alkali, maana kila g ya nitrojeni inakula g 7.1 za alkali ikipimwa kama CaCO₃ (kalsiamu kabonati). Ila pandisha bila kubadilisha uchanganyaji, kwa sababu hewa nyingi hulipunguza tabaka la maji tulivu pia, na hutajua kipi kimesaidia.