Gofu ya Jumamosi: nilivyoacha kurudi nyumbani nimenuna

Mkuu uliyeanzisha uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema una miaka miwili kwenye gofu, handikapu yako ni 26 (yaani mikwaju unayopunguziwa kwenye jumla yako; ikiwa ndogo ndivyo mchezaji alivyo bora), na siku hizi ikifika Ijumaa jioni tumbo linakusokota kwa sababu kesho yake kuna mashindano. Unauliza kama uachane na mashindano ubaki unacheza kwa kujifurahisha tu. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: nusu wamekwambia acha kuhesabu, piga mpira urudi nyumbani, nusu wamekwambia anayetaka raha aende Coco Beach akale mihogo. Mimi nimeishi pande zote mbili, na zote mbili zilinishinda.

Naingia mwaka wa tisa kwenye huu mchezo. Nilianza ukubwani, nina miaka 38, na fimbo za kuazima ambazo nusu yake hazikufanana. Handikapu yangu leo ni 22. Iliwahi kushuka hadi 17, na huo mwaka wa 17 ndio mwaka niliouchukia mchezo kuliko wakati mwingine wowote. Mama watoto alikuwa anajua nimepiga mikwaju mingapi kwa jinsi nilivyofunga mlango wa gari. Watoto walijifunza kusubiri nioge kwanza ndipo waniombe kitu.

Siku iliyonimaliza ilikuwa ya kombe la mwezi. Mashimo matatu ya kwanza niliyacheza vizuri mno, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana nilianza kupiga hesabu: nikiendelea hivi namaliza na mikwaju 84, neti yangu (jumla ukitoa handikapu) inakuwa 67, leo kombe langu. Nilikuwa bado na mashimo 15! Shimo la nne, upepo wa bahari ukaubeba mpira wangu ukavuka mpaka. Unajua adhabu yake: unarudia kutoka palepale ulipopigia na unaongezewa mkwaju mmoja. Nikarudia, wa pili ukaufuata mwenzake. Shimo lile nilitoka na 11.

Sikuirusha fimbo shimo la nne. Niliirusha la sita, baada ya kukosa pati (mkwaju mfupi wa kuingiza mpira shimoni) ya hatua moja, na ikaenda kutua kwenye miti. Kedi wangu, anayenibebea fimbo, akaenda kuitafuta. Huyo ni mtu mzima, kaka yangu mkubwa anamwamkia. Akarudi nayo, akaifuta udongo kwa taulo, akaitia kwenye begi, kisha akasema polepole bila kunitazama: "Bosi, mpira hauna masikio. Mimi ninayo."

Nilimwomba radhi hapohapo, na jioni nikamwomba tena. Lakini nilitoka pale nimeamua kwamba mashindano basi.

Miezi karibu sita nikacheza kwa "kujifurahisha". Mpira ukienda vibaya, napiga mwingine. Pati ikiwa fupi, naiokota. Simu ikilia, napokea. Sijazi kadi. Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu, siwezi kudanganya. Wa pili nao haukuwa mbaya. Wa tatu nikaanza kuona uvivu wa kuamka, na kufika wa tano nilikuwa naishia mashimo tisa, nakaa baa ya klabu kuangalia mpira wa Ulaya. Nikipiga mkwaju mzuri sikusikia kitu, kwa sababu ule mbovu uliotangulia haukunigharimu kitu.

Jibu nililipata mbali na uwanja wa gofu. Karibu na kwangu kuna kijiwe cha wazee wa drafti, na jioni moja nilisimama pale nikisubiri fundi amalize tairi. Wale wazee wanashindana, tena kwa vijembe na kelele. Aliyeliwa kete anatukanwa mpaka ukoo wake. Lakini hakuna anayekwenda nyumbani na donge kooni, kwa sababu ukifungwa mnapanga kete upya na dakika kumi baadaye na wewe unamfunga. Kipigo chao ni kifupi. Cha kwangu kilikuwa cha saa nne na nusu.

Hapo ndipo nataka uangalie, mkuu. Tatizo lako si mashindano, ni aina ya mashindano. Mashindano ya kuhesabu mikwaju yote mashimo 18 ni ya watu wanaoweza kucheza wiki nzima bila kupata 9 kwenye shimo lolote. Sisi wa handikapu 22 na 26 tunapata 9, hiyo ni riziki yetu. Ukihesabiwa jumla, ile 9 ya shimo la nne inakufuata kama deni mpaka la 18, na hakuna mkwaju mzuri unaoweza kuilipa.

Kwa hiyo nilirudi kwenye ushindani kwa mlango mwingine: shimo kwa shimo. Mpinzani wangu ni mzee mmoja mstaafu wa bandarini, ana miaka 71, handikapu 16. Mpira wake hauendi mbali lakini haujawahi kupotea, na jambo hilo linaudhi kuliko unavyofikiri. Tofauti yetu ni mikwaju 6, basi ananipa mmoja kwenye kila shimo kati ya yale sita yaliyoandikwa magumu zaidi kwenye kadi. Ukipata 9 umepoteza shimo moja tu, sawa na aliyepoteza kwa mkwaju mmoja. Unaokota mpira, unatembea kwenda kwenye tii inayofuata (pa kuanzia shimo), vita inaanza upya. Mara ya kwanza tulicheza hivyo nilifungwa, na bado nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mama watoto akauliza kama nimeshinda gari.

Tunachezea soda na mishkaki, si zaidi. Wapo watakaokucheka. Waache. Nimewaona marafiki wawili waliosomesha watoto shule moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya dau lililopanda kutoka elfu kumi hadi laki mbili ndani ya mashimo matatu. Dau likishakuwa la kuuma, kila pati inakuwa kesi, na kila mpira uliojificha kwenye majani marefu unaanza kutiliwa shaka. Soda inatosha kukufanya ulenge vizuri.

Kwa mashindano ya klabu yenyewe, chagua siku za Stableford. Huu mfumo ulitungwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na mashindano ya kwanza kwa mfumo huo yalichezwa klabu ya Wallasey mwaka 1932. Nadhani alikuwa anatufikiria watu kama sisi. Ukipata pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) baada ya kutoa handikapu yako, unapewa pointi 2. Ukizidisha mkwaju mmoja, pointi 1. Ukizidisha miwili au zaidi, sifuri. Hakuna kuteremka chini ya sifuri. Shimo likishaharibika, okota mpira, na wenzako nyuma watakushukuru pia.

Sasa kuna jambo ambalo lau ningelielewa mapema, lingeniokolea mwaka mzima. Nilikuwa naamini handikapu ni wastani wangu, kwamba mwenye 17 anatakiwa kucheza 17 kila Jumamosi, na nisipofika basi nimeshuka kiwango. Siyo. Kwa mfumo wa dunia unaotumika tangu 2020, wanachukua raundi zako 20 za mwisho na kutafuta wastani wa zile 8 bora tu. Nyingine 12 hazimo. Handikapu ni picha yako ukiwa umevaa suti. Kwa hiyo siku nyingi lazima ucheze vibaya kuliko handikapu yako, na wala hujakosea kitu. Kwenye Stableford, pointi 36 ndiyo kucheza sawasawa na handikapu. Mimi nilipopekua kadi zangu niliona nyingi zimekaa kati ya 29 na 33. Tangu siku hiyo nikipata 31 nasema leo nimecheza kawaida, naagiza chai. Zamani 31 ilikuwa msiba.

Na ukijiona mnyonge kwa hizo hasira zako, kumbuka Bobby Jones, Mmarekani aliyecheza gofu ya ridhaa maisha yake yote. Mwaka 1921 kwenye mashindano ya Open pale St Andrews, akiwa na miaka 19, alinasa kwenye mtego wa mchanga wa shimo la 11, akajaribu kutoka, akashindwa, akaachana na raundi katikati. Kijana mwenye kipaji kuliko sisi sote alishindwa na mchanga na nafsi yake siku moja. Miaka tisa baadaye, 1930, alichukua mataji yote manne makubwa ya wakati huo ndani ya mwaka mmoja, kisha akastaafu ana miaka 28. Sikwambii kwamba wewe na mimi tutafika huko. Nakwambia tu hata yeye alianzia hapo ulipo.

Kuhusu zawadi, nitasema kidogo kwa sababu ni mada inayonipandisha presha. Zile siku za wadhamini, zenye televisheni na tiketi za ndege mezani, usiende kwa ajili ya meza ile. Kila klabu ina jambazi wake, yule mwenye handikapu 24 anayeleta pointi 43 siku ya televisheni na 27 siku nyingine zote. Kadi zake mbaya anazijaza kwa uaminifu mkubwa, nzuri anazisahau. Huwezi kumshinda, na ukianza kumwazia utacheza mashimo 18 ukiwa na kesi kichwani. Kamati ipo. Wewe nenda ule nyama choma yao.

Umeuliza pia la kufanya Jumamosi hii maana umeshajiandikisha. Usijitoe. Fika mapema nusu saa, lakini usiende kupiga draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, mipira mia. Nenda kwenye grini (majani mafupi yenye shimo) ya mazoezi upige pati za hatua mbili tatu mpaka mikono izoee. Simu iache kwenye gari. Ukifika tii ya kwanza, usijiwekee lengo la alama za mwisho, jiwekee jambo moja unaloweza kulitimiza hata ukicheza ovyo. Langu kwa mwaka huu ni kutoka kwenye mchanga kwa mkwaju mmoja, basi. Nikitoka mara tatu kati ya nne, siku yangu imelipa, hata kadi iseme inachotaka. Usijumlishe njiani, mwachie mwenzako anayeandika kadi yako. Na ukikasirika, jipe ruhusa ya kukasirika mpaka uufikie mpira. Hatua mia na hamsini zinatosha kumtukana aliyebuni huu mchezo, kimyakimya lakini, maana kedi ana masikio.

Baada ya hapo punguza. Mimi nacheza mashindano rasmi mara moja kwa mwezi. Jumamosi nyingine ni shimo kwa shimo na mzee wa bandari. Na mara chache, siku ya katikati ya wiki nikitoka kazini mapema, nachukua fimbo nne tu, najibebea mwenyewe, nacheza mashimo matano au sita jua likiwa linazama na kunguru wakirudi mitini. Siandiki chochote siku hiyo. Raha hiyo niliikosa kabisa ile miezi sita niliyokuwa sihesabu, kwa sababu ilikuwa ndiyo chakula cha kila siku. Sasa ni kama embe la msimu.

Chunguza pia unacheza na nani. Kundi lenye mtu anayekufundisha kila mkwaju bila kuombwa ("umeinua kichwa, mkuu") litakuchosha kuliko upepo. Mwombe nahodha akubadilishie, si dhambi.

Fimbo niliyoirusha ninayo mpaka leo, namba 7, ina mkwaruzo wa mti kwenye shingo. Kedi ni yuleyule. Jumamosi iliyopita nilikuwa mbele kwa shimo moja zikiwa zimebaki mbili, nikaupeleka mpira mchangani, nikatoka kwa mkwaju mmoja, nikakosa pati mbili, mzee akasawazisha, na la 18 akalichukua. Kedi akaniuliza kama anipe ile namba 7. Mzee ananidai soda mbili, na yeye hanywi nyingine zaidi ya Stoney baridi.