Maswali na majibu: zawadi za safari kutoka supamaketi

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya watu wanaotaka kununua zawadi supamaketi wakiwa ugenini, badala ya kukamuliwa kwenye maduka ya watalii. Mimi naunga mkono.

Naenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo. Nataka zawadi za mama mkwe na mashosti, lakini bei za maduka ya watalii zinatisha. Nifanyeje? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Dada, ukimaliza shughuli zako mtaa wa Laleli, ingia supamaketi za BİM, A101, Şok au Migros. Mitaani hazikosekani, na ndiko Waturuki wenyewe wanakonunua mahitaji. Mama mkwe mchukulie chai ya Rize, inayolimwa pwani ya Bahari Nyeusi. Mwambie tu asiipike na maziwa kama ya kwetu. Inaachwa juu ya moto mdogo kama dakika 15, kisha inanywewa kavu. Mashosti wape pul biber, pilipili nyekundu ya chengachenga isiyo kali sana. Ni nyepesi begini na haivunjiki.

Kitu cha kuchagua kwa makini ni sharubati nzito ya komamanga, ile ya kumwagia kachumbari au kuloweka mishkaki. Rafuni unaweza kukuta chupa mbili zinazofanana, zote rangi ya damu ya mzee. Yenye maandishi «nar ekşisi» ndiyo yenyewe. Yenye «nar ekşili sos» ni sosi tu, sukari nyingi na komamanga kwa mbali. Geuza chupa usome viungo, maana kinachotangulia kwenye orodha ndicho kilichotiwa kwa wingi. Ukiona sukari au glukosi imekaa mbele, irudishe rafuni hata kama bei inakuvutia.

Si aibu kumpa mtu biskuti za supamaketi? (Kijana, Nairobi)

Bandua stika ya bei, basi. Sumaku ya friji yenye mnara wa Eiffel itashika vumbi mwaka mzima, lakini biskuti za siagi kutoka Ufaransa zitaisha jioni hiyo hiyo na utaulizwa kama zimebaki.

Natoka Ujerumani na wanangu wamezoea peremende laini za kutafuna. Nitajuaje kama zina nguruwe? (Mama, Tanga)

Mama, tafuta neno «Gelatine» kwenye viungo, yaani jelatini, kigandishi kinachotokana na wanyama. Likifuatiwa na «Schwein» ni nguruwe, na «Rind» ni ng'ombe. Pasipotajwa mnyama, mimi huiacha. Ukipitia Ufaransa angalia «porc», Uhispania «cerdo». Njia rahisi zaidi ni kuingia maduka ya Kituruki, ambayo miji ya Ujerumani imejaa. Humo huuzwa hata peremende za Haribo zilizotengenezwa Uturuki kwa jelatini ya ng'ombe, zenye alama ya halali. Chokoleti nazo zikague, kwani kuna zilizojazwa pombe ndani. Ukisoma «Rum», «Likör» au «Alkohol», hizo si za watoto.

Nilinyang'anywa chupa ya asali kwenye ukaguzi. Tangu lini asali ikawa maji? (Msafiri, Mombasa)

Pole. Kwa wakaguzi, chochote kinachomwagika au kupakwa kwenye mkate kinahesabiwa kimiminika: asali, jamu, siagi ya karanga, achari. Kikizidi mililita 100, kiweke kwenye sanduku la chini ya ndege. Viwanja vingine vina mashine mpya na vimelegeza sharti hili, lakini unakobadilisha ndege wanaweza kukukatalia. Chupa izungushie nguo za kufua na uiweke katikati ya sanduku. Na ile mifuko ya plastiki ya supamaketi iache huko huko: Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017, Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Naishi Uholanzi, niko Dar likizo. Nikirudi nibebe nini kwa majirani na kwa jiko langu? (Msomaji, Rotterdam)

Majirani wape kopo la Africafe na korosho. Kopo lile lina sura nzuri, na kahawa ya unga haihitaji maelezo. Wewe jibebee bizari ya pilau, maana ya huko haifikii.

Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nje kuingia na nyama wala vyakula vya maziwa. Kwa hiyo samli ya bibi, hata ikifungwa vipi, itaishia kwenye pipa la forodha. Dagaa wakavu ni halali, samaki kwa jumla wakiwa hadi kilo 20. Asali ni hadi kilo 2. Matunda yasiyodaiwa cheti cha afya ya mimea ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe haimo, kwa hiyo embe dodo zimalize Dar kabla ya kwenda uwanjani.