Jinsi Simu Inavyokutafutia Mpinzani: Maelezo kwa Wanaoanza Gemu za Ushindani

Vijana wengi wa hapa Kigoma wanaoanza gemu za simu za kushindana mtu na mtu huleta lalamiko moja: mechi za mwanzo walishinda kwa urahisi, kisha wakaanza kufungwa mfululizo, na sasa wanaamini kwamba gemu inawaonea makusudi ili watoe fedha. Katika kuwaelekeza wachezaji wapya hapa mtaani Mwanga nimeona kwamba anayeelewa namna mpinzani wake anavyopatikana hutulia mapema, hujifunza haraka zaidi na hatumii fedha ovyo. Kwa sababu hiyo ninakushauri uelewe kwanza jambo hili, hata kabla ya kutafuta mbinu za ushindi.

Kwenye baraza za Ujiji wanapochezea bao, hakuna anayehitaji daftari la kumweleza nani ni fundi na nani ni mwanagenzi, kwa kuwa waliokaa hapo wanafahamiana. Seva ya gemu, yaani kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, haimfahamu mtu yeyote. Inapokea maombi ya maelfu ya wageni kwa wakati mmoja, na kitu pekee inachoweza kukitegemea ni namba iliyoambatanishwa na kila akaunti, namba inayokadiria uwezo wa mwenye akaunti kutokana na mechi alizocheza.

Msingi wa namba hizo ulitoka kwenye sataranji. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia nchini Marekani aliyezaliwa Hungaria, alibuni mfumo wa alama uliopokelewa na chama cha sataranji cha Marekani mwaka 1960 na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Kiini chake ni kwamba tofauti ya alama kati ya watu wawili hutabiri matokeo. Wenye alama sawa wanatarajiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Tofauti ya alama 200 humpa aliye juu matarajio ya asilimia 76 hivi. Na tofauti ya 400 humfikisha kwenye asilimia 91. Baada ya mechi mfumo hulinganisha kilichotarajiwa na kilichotokea. Tuseme una alama 1,200, mwenzako ana 1,400, na kiwango cha juu cha mabadiliko kwa mechi moja ni 32. Ukimshinda utapata alama 24 hivi, kwa sababu haikutarajiwa; akikushinda utapoteza 8 tu. Fanya hesabu hii mwenyewe kwa mkono mara chache, kwani itakuonyesha kwamba kushindwa na aliyekuzidi sana hakukugharimu kiasi unachodhani.

Gemu za leo zimejengwa juu ya wazo hilo, ingawa si zote zinafuata hesabu ileile. Clash Royale, iliyotolewa na kampuni ya Supercell ya Finland mwaka 2016, ilizoeza wachezaji kupangwa kwa vikombe vinavyoonekana wazi. Nyingine hukuonyesha daraja la shaba, fedha au dhahabu huku zikitumia namba nyingine iliyofichwa kukutafutia mpinzani. Ndiyo maana mtu wa daraja la fedha anaweza kukutanishwa na wa dhahabu na bado mechi ikawa ya haki, hasa msimu mpya unapoanza na madaraja kushushwa. Usibishane na rangi ya nembo ya mpinzani.

Jambo linalowagusa zaidi wageni ni shaka ya mfumo juu yao. Mwaka 1995 mtaalamu wa takwimu Mark Glickman aliunda mfumo wa Glicko, ambao pamoja na alama ya mchezaji huhifadhi kipimo cha jinsi alama hiyo isivyo na hakika. Akaunti mpya ina shaka kubwa, hivyo mechi zake za awali huisogeza mbali kwa kila matokeo, na kadiri inavyocheza miruko hupungua. Aidha, baadhi ya gemu, PUBG Mobile ikiwemo, huweka roboti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta, katika mechi za madaraja ya chini, na ushindi mwingi wa mwanzo hutoka hapo. Ukianza kufungwa baadaye, fahamu kwamba umeanza kukutana na watu. Cheza mechi za awali wewe mwenyewe, tena kwa makini. Ukimwachia kaka yako aliyebobea simu jioni nzima, atakupandisha hadi kwa wapinzani wa kiwango chake, na utakaporudi utafungwa mpaka namba ishuke tena ilipostahili.

Mfumo hauangalii uwezo peke yake. Muda wa kusubiri na hali ya mtandao vinahesabiwa pia, na mambo haya matatu huvutana. Kwa kawaida utafutaji huanza na watu wa karibu sana na namba yako, kisha kila sekunde zinavyopita bila kupata mtu wigo hupanuliwa. Saa mbili usiku, wachezaji wakiwa wengi, unapata mtu wa saizi yako upesi. Saa nane usiku wa manane wigo hupanuka mno, na anayepatikana anaweza kuwa amekuzidi sana. Mgeni afanye mazoezi yake saa ambazo watu wako macho.

Kuhusu mtandao, wengi hapa hulaumu umbali wetu na Dar es Salaam. Umbali huo una mchango mdogo. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata njia yenye urefu wa reli ya Kati, kilomita 1,250 hivi, huongeza milisekunde kumi na kitu tu kwenda na kurudi. Kinachochelewesha zaidi ni safari ya ng'ambo hadi ilipo seva, na mnara uliolemewa na watumiaji jioni. Gemu ikikuruhusu kuchagua kanda, yaani eneo la dunia ilipo seva utakayotumia, jaribu kila moja na uchague ile yenye kuchelewa kidogo na kusikobadilikabadilika, kwani kuchelewa kunakopanda na kushuka kila mara hudhuru kuliko kukubwa kuliotulia.

Mfumo ukifanya kazi vizuri, utashinda karibu nusu ya mechi zako, uwe mgeni au fundi. Kwa hiyo usipime maendeleo yako kwa wingi wa ushindi. Angalia namba yako imesimama wapi mwezi huu ikilinganishwa na uliopita. Vilevile usikimbilie kununua vifaa vya ndani ya gemu: vitakupa ushindi wa siku chache, namba itapanda, na utapangiwa wenye vifaa kama vyako lakini wenye ujuzi kuliko wako. Na mkicheza kikundi, ingieni na wenzenu mnaokaribiana uwezo, kwa kuwa gemu nyingi hukadiria kikundi kwa wastani wake au kwa mwenye alama nyingi zaidi, na aliye chini kabisa ndiye atakayeelemewa.