Jibu: Upawa wa sanamu, kifuu kinapasuka

Salaam ndugu wa Masasi. Umesema unatengeneza upawa wenye mpini wa shetani wa Kimakonde, yaani sanamu ya pepo ya kuchongwa, ila kifuu kinapasuka ukitoboa, na uliofanikiwa unapinduka ukiuweka mezani.

Kagua kifuu kwanza. Cha nazi changa hakistahimili. Mimi hapa Mikindani nachukua cha nazi iliyokomaa, nakiloweka usiku kucha, halafu natoboa kwa msumari mkali nikiuzungusha taratibu. Nyundo weka mbali kabisa. Matundu anza madogo, upanue kwa ncha ya kisu mpaka mpini uingie kwa kubana.

Kupinduka ni uzito wa mpini wa mpingo. Mti huo hata majini unazama. Shetani wangu wa kwanza alikuwa na tumbo kubwa, upawa ukalala chali kila mara. Wa pili nilimchonga mwembamba, miguu ikapita kwenye matundu, mikono mirefu ikakumbatia kifuu. Ukichota mchuzi, utadhani anauinamia anywe. Napenda sana ule mkao!

Ung'arishe kwa mafuta ya nazi. Rangi ya viatu iachie sanamu za kabatini, huu unaingia chunguni. Vanishi sijaijaribu.