Anti wa Safari anajibu: Kutembea kwa miguu pwani ya Italia, na pa kulala

Anti kamwene. Mimi na mzee tuko Gangilonga hapa Iringa, wote walimu wastaafu, watoto wameamua kutuchangia safari moja ya nje na tumechagua Italia maana tumekua na mapadre wa Consolata kule Tosamaganga, tunasikia habari za kwao toka tukiwa wadogo. Hatutaki kukimbizwa mji hadi mji na basi la watalii. Sisi tunapenda kutembea, Sanje pale Udzungwa tunapanda na kushuka bila shida, ila siku hizi goti la mzee linasumbua akiteremka. Tunataka njia ya miguu kando ya bahari na hoteli ndogo ya kupendeza, sio maghorofa. Gari hatutaki kuendesha. Twende wapi? – Mama Mwalimu

Kamwene sana mwalimu, na hao watoto Mungu awazidishie. Kwa mlivyojieleza mimi nawapeleka Liguria moja kwa moja, kaskazini magharibi ya Italia, kwenye vijiji vitano vinavyoitwa Cinque Terre, yani Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Sababu yangu ya kwanza ni treni. Reli inapita chini ya milima kwenye mahandaki inaunganisha vijiji vyote na miji ya pembeni, La Spezia na Levanto, na kutoka kijiji hadi kijiji ni dakika chache tu, kwa hiyo mnatembea asubuhi mpaka pale nguvu zinapofika halafu mnarudi kwa treni kulala kitanda kilekile mlichoamkia. Hiyo kwa watu wa umri wenu ni raha kubwa, hakuna kufunga na kufungua begi kila siku.

Sasa goti la mzee, hapa ndo nataka msome polepole. Watu wengi wanafikiri kazi ni kupanda, ila ninyi watu wa nyanda za juu kupanda mmezoea, kazi ipo kwenye ngazi za mawe za kuteremka, na kule ngazi ni nyingi mno. Corniglia ndo kijiji pekee kati ya vile vitano ambacho hakiko chini baharini, kimekaa juu kama mita 100, kwa hiyo anzieni Vernazza mmalizie Corniglia, msifanye kinyume chake, mkifanya hivyo sehemu kubwa ya mteremko mnaikwepa na ni kama saa moja na nusu hadi mbili kwa mwendo wa kuongea. Mkifika mnapumzika, mnakula, halafu kushuka stesheni msishike ngazi (zipo karibu 380), kuna kibasi kidogo kinachoshusha watu. Ile ya Monterosso hadi Vernazza ni nzuri kuliko zote kwa macho ila ina ngazi kali kupanda na kushuka, mzee aiache, wewe mwalimu nenda nayo yeye akusubiri Vernazza bandarini na kahawa yake. Na kati ya Riomaggiore na Manarola kuna Via dell'Amore, kama kilomita moja, karibu tambarare, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuporomoka ikafunguliwa tena 2024, hiyo mtatembea wote wawili mmeshikana mikono. Tiketi yake inakatwa mapema kwa muda maalumu, na hizi njia nyingine mbili nilizotaja zinalipiwa kwa kadi ya hifadhi ya taifa ya eneo lile, Cinque Terre Card, ipo aina inayojumlisha na treni, chukueni hiyo.

Viatu ni raba ngumu au buti. Kandambili na sandali za wazi hifadhi imezikataza kwenye njia za mlimani na faini yake ni ya euro, msijaribu.

Kitu kingine ambacho nawaomba mkiangalie kwa heshima ni zile kuta. Mlima wote umekatwa matuta ya ngazi, na kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono bila saruji, ni kazi ya wakulima wa zabibu kwa karne nyingi, na ni hiyo kazi iliyofanya UNESCO waweke eneo lile kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Vijana walipohamia mjini mashamba yakaachwa, kuta zikaanza kubomoka, na ukuta ukishabomoka udongo unakuja na mvua. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ilishusha matope Monterosso na Vernazza watu wakafa na nyumba zikajaa tope hadi juu. Ndo maana wakitangaza tahadhari ya hali ya hewa njia zinafungwa, na mkikuta imefungwa rudini tu, msizunguke kamba.

Kulala sasa. Monterosso ndo yenye hoteli nyingi na ufukwe wa mchanga, ni tambarare kiasi, kwa goti la mzee hapo panafaa. Vijiji vingine ni vyumba ndani ya nyumba za watu, vizuri sana ila ngazi zinaanzia barabarani hadi ghorofa ya tatu na lifti hamna, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni maswali mawili: ngazi ngapi mpaka chumbani, na nani anabeba mizigo. Bei ikiwashinda laleni Levanto, ni kituo kimoja tu cha treni. Na kwa kuwa ninyi ni watu wa kanisa, juu ya Monterosso mlimani kuna patakatifu pa Bikira Maria, Soviore, wana vyumba na mgahawa na bahari yote mnaiona chini. Ningekuwa mimi ningelala huko japo usiku mmoja. Nendeni Mei au mwishoni mwa Septemba, Agosti Waitaliano wenyewe wako likizo kila kitu kimejaa na jua linachoma, na kuanzia Novemba hoteli nyingi zinafunga.

Anti mambo, nafunga ndoa Desemba hapa Mbeya, fungate tumeamua tusogeze mpaka Mei twende Amalfi, mchumba wangu ameona picha za Positano hataki kusikia pengine. Nimeangalia bei za hoteli nimeishiwa nguvu. Na hiyo Njia ya Miungu inafaa kwa mtu aliyewahi kupanda Loleza tu? – Bwana harusi, Soweto

Poa mdogo wangu, hongera. Positano mpeleke, ila sio lazima mlale Positano. Le Sirenuse, ile hoteli nyekundu unayoiona kwenye picha, ilikuwa nyumba ya familia ikageuzwa hoteli mwaka 1951, na leo ni ya wenye hela zao. Laleni Minori au Praiano, au juu kabisa Agerola ambako bei zinapumua na jibini ya maziwa ya ng'ombe ni ya kwao wenyewe. Mkitaka usiku mmoja wa kukumbuka, Amalfi kuna hoteli ya Luna Convento, ilikuwa nyumba ya watawa toka karne ya 13, ua wake wa nguzo bado upo na Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norway, alikaa pale 1879 akiandika. Usiku mmoja tu, basi, zingine mnarudi kwenye bei yenu.

Hiyo Njia ya Miungu, kwa Kiitaliano Sentiero degli Dei, aliyepanda Loleza anaiweza vizuri. Panda basi kutoka Amalfi hadi Bomerano, hapo mko juu kama mita 600, halafu mnatembea kuelekea Nocelle kama kilomita 6 au 7 bahari iko mkono wa kushoto muda wote, hakuna kiingilio. Kivuli ni kidogo, maji bebeni ya kutosha na muanze asubuhi. Nocelle ndo penye mtihani, kuna ngazi kama 1,700 za kushuka hadi barabara ya Positano, mkiwa mmechoka kuna basi dogo, pandeni bila aibu. Kurudi Amalfi chukueni boti badala ya basi, barabara ile ni nyembamba na mabasi yanajaa, na ukweli ni kwamba pwani ile inapendeza zaidi ukiitazama kutoka majini.

Shikamoo anti. Mimi ni nesi huku Makete, viza ya Italia inachukua muda gani na niandae nini? – N.

Marahaba mwanangu. Ni viza ya Schengen, yani ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudi hata ukinyimwa. Unaweza kuomba hadi miezi sita kabla, kawaida majibu ni siku 15 ila wanaweza kwenda hadi 45, kwa hiyo wewe peleka miezi miwili au mitatu kabla. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi, bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya ruhusa kutoka kazini, na alama za vidole unatoa mwenyewe, kwa hiyo weka na nauli ya Dar kwenye bajeti. Hoteli chukua zile zinazoruhusu kughairi bure, usilipe moja kwa moja kabla viza haijatoka. Tena barua ya kazini ichukulie uzito, iandike tarehe ya kuondoka na ya kurudi kazini, wanataka kuona una sababu ya kurudi.

Anti, niko Tukuyu, nataka pwani ya Italia ila isiyo na msongamano. Ipo? – Msomaji

Ipo. Shuka na treni Camogli, mashariki kidogo ya Genova, halafu utembee kwenda San Fruttuoso. Ni abasia, yani nyumba ya watawa ya zamani, iliyojificha kwenye kighuba chini ya mlima, gari haifiki kabisa, ni miguu au boti, ukikumbuka Ikombe kule Matema milima ya Livingstone inavyodondoka ziwani utakuwa umeshapaona nusu. Baharini mbele yake, chini kama mita 17, kuna sanamu ya Kristo iliyozamishwa 1954, ameinua mikono juu, wapiga mbizi wanamtembelea. Kuna njia mbili toka San Rocco juu ya Camogli: ile ya ndani msituni inayopita Pietre Strette, chukua hiyo, ile ya kando ya bahari ina sehemu za kushika minyororo kwenye mwamba na peke yako sikushauri. Katikati ya wiki, kabla ya saa nne asubuhi, utakutana na watu wachache tu. Kurudi unapanda boti hadi Camogli, ila ratiba inabadilika kwa msimu na bahari ikichafuka hazisafiri, ulizia bandarini boti ya mwisho ni saa ngapi kabla hujaanza kutembea.