Waliochora Ndio Waliochekwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni kazi gani ya sanaa iliyoucheka ushabiki wako, nawe ukaipenda hivyo hivyo?" Sikuhitaji kufikiri sana. Ni Otaku no Video, katuni ya Kijapani ya studio ya Gainax, iliyoongozwa na Takeshi Mori na kutoka mwaka 1991 katika sehemu mbili. Iliuzwa moja kwa moja kwenye kanda za video, na hapo pana kichekesho cha kwanza: walioinunua ni wale wale wanaochekwa ndani yake.

Shujaa wake ni Kubo, mwanafunzi wa chuo kikuu. Anacheza tenisi, ana mchumba, hana makuu. Mwaka 1982 anakutana tena na Tanaka, waliyesoma naye sekondari, akiwa na kundi la marafiki ambao kila mmoja ana wazimu wake: huyu silaha, yule mapigano, mwingine kuchora, na wote anime, yaani katuni za Kijapani. Kubo anakuja kuchungulia tu, anazama mzima mzima. Tenisi inamtoka kichwani, na mchumba wake Yoshiko anamwacha. Wewe na mimi tungetarajia ajirudi. Kubo anaapa kwamba kama watu wanamwita otaku, yaani shabiki aliyepindukia, basi atakuwa mfalme wa maotaku wote duniani. Anauza sanamu za wahusika, anafungua maduka, anajenga kiwanda China, kisha anaporwa kampuni na mshindani ambaye ndiye aliyemwoa Yoshiko! Anaanza upya kwa katuni ya binti mwenye nguvu za uchawi, na utajiri unapomrudia anajenga bustani ya burudani ya mashabiki pale Urayasu, mji wenye Disneyland ya Tokyo.

Ingeishia hapo ingekuwa ndoto ya kijana aliyekataliwa, basi. Lakini kila baada ya kitambo katuni inakatwa, na tunaletewa mahojiano na watu wa kweli, si wa kuchorwa, yaliyopigwa kama taarifa ya habari. Sura zimezibwa kwa vimraba, sauti zimechezewa, na mwulizaji anauliza kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kukuhukumu. Yupo mwizi wa karatasi za plastiki zilizochorewa katuni. Yupo anayehangaika kutengeneza miwani ya kuona kilichofichwa na vimraba vya filamu za ngono, naye mwenyewe amefichwa kwa vimraba! Yupo Mmarekani aliyehamia Japani kwa mapenzi ya anime, ambaye maneno yake ya Kiingereza unayasikia kwa mbali chini ya tafsiri ya Kijapani, na ukitega sikio unagundua tafsiri inasema mambo mengine kabisa.

Aliyenimaliza mimi ni yule anayerekodi vipindi vya televisheni. Anavirekodi ili abadilishane kanda na wenzake, na hajawahi kuviangalia. Mwulizaji hamkemei, anamwacha aeleze, na kadiri anavyoeleza ndivyo anavyozidi kujianika. Nina diski ya nje iliyojaa mifululizo mizima ambayo sijaigusa, na naendelea kushusha mingine. Sihitaji kusema zaidi.

Sasa, vimraba vile havikuwekwa kwa ajili ya kuchekesha tu. Mwaka 1989 polisi wa Japani walimkamata mtu aliyewaua watoto wanne wa kike karibu na Tokyo. Chumbani mwake zilikutwa kanda za video kwa maelfu. Magazeti na televisheni vikaonyesha kile chumba tena na tena, vikambandika jina la otaku, na tangu hapo kijana yeyote mwenye rafu ya kanda akawa anatazamwa kwa jicho baya na majirani. Miaka miwili baadaye ndipo Gainax wanatoa katuni yenye mahojiano ya kejeli yanayoiga ule ule mtindo wa taarifa za habari. Kwa hiyo wanaochekwa ni wawili: shabiki aliye mbele ya kamera na mwandishi wa habari aliye nyuma yake. Na kwa maoni yangu, aliye nyuma ya kamera ndiye anayechekwa bila huruma.

Na nani wale waliojificha nyuma ya vimraba? Wafanyakazi wa Gainax na marafiki zao. Hata maisha ya Kubo wameyachota nyumbani kwao. Mwaka 1981 wanafunzi watatu wa Osaka, Hideaki Anno, Hiroyuki Yamaga na Takami Akai, walichora filamu fupi ya kufungulia kongamano la mashabiki wa hadithi za sayansi, Daicon III. Mwaka 1982 Toshio Okada, mmoja wa waandaaji, alianzisha Osaka duka la General Products, la mashabiki kuwauzia mashabiki. Humo ziliuzwa sanamu za kuunga mwenyewe. Unachonga ya kwanza kwa mkono, unaizungushia silikoni mpaka ishike, unaitoa, kisha unamimina resini, plastiki ya majimaji inayoganda, kwenye lile kalibu la silikoni. Baada ya kumimina mara kadhaa kalibu linachakaa, unaanza tena. Ni kazi ya mikono ya kukesha, na Kubo anaanzia hapo hapo. Gainax yenyewe ilizaliwa mwaka 1984 kwa ajili ya kutengeneza filamu moja ndefu. Okada ndiye aliyeandika Otaku no Video, na baadaye akafundisha habari za otaku katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akijiita kwa cheo kile kile alichomvisha Kubo. Hapo sijui tena nani alikuwa akimwiga nani.

Kwetu mtani anaruhusiwa kumwigiza marehemu mbele ya jeneza, mwendo wake, kikohozi chake na ubahili wake, na wafiwa wakacheka, kwa sababu ana haki hiyo. Mpita njia akijaribu, atapigwa. Gainax walikuwa na haki hiyo, wale wa televisheni hawakuwa nayo.

Nina ugomvi nayo, hata hivyo. Sehemu ya pili inalegea. Kubo anashinda kirahisi mno, na kejeli inageuka kujipongeza. Halafu wanawake: yupo Yoshiko wa kuondoka, yupo Misuzu, mchoraji hodari anayewainua Kubo na Tanaka walipokuwa hawana kitu, lakini ndoto na kiti cha enzi ni vya wanaume wawili. Wakati soko la Comic Market lilipofunguliwa Tokyo mwaka 1975, ambako mashabiki huuziana vitabu vya katuni walivyochora wenyewe, wengi wa waliohudhuria walikuwa wasichana. Ukiangalia katuni hii peke yake utadhani ushabiki ulianzishwa na wavulana waliokataliwa na wachumba. Kwa dada zangu waliokesha wakichora, hilo si haki.

Mwisho wake, ambapo mji umefunikwa na maji na wazee wawili wanairudia bustani yao na kukuta roboti lake kubwa ni chombo cha kwenda angani, watu wanaucheka kwamba ni wa kitoto. Mimi niliupenda. Ni mahali pekee ambapo hakuna mwulizaji.

Atakayeitafuta, atafute ile iliyotolewa na AnimEigo ya Marekani, yenye manukuu ya Kiingereza. Sehemu ya kwanza aketi aiangalie vizuri, hasa mahojiano. Ya pili anaweza kuiangalia huku anachambua mchele.

Msomaji wenu,
Tanga