Kabla hujahesabu makombora, uliza mafuta yako wapi: maswali yenu na majibu

Wiki hii nimekusanya yote yanayohusu meli za mafuta za jeshi. Kila ikisikika manowari za wakubwa zimeingia Bahari ya Hindi au Ghuba ya Uajemi, inboksi inajaa watu wanaohesabu makombora, makombora tu, hakuna anayeuliza hizo manowari zinakunywa nini na nani anazinywesha. Safari hii wachache wameuliza, basi nawajibu.

Hizi si ndo zile zile tenka tunazoziona nje ya bandari ya Dar zikisubiri kushusha? (Temeke)

Hapana. Zile ni za biashara, zinatoa mafuta sehemu moja zinapeleka nyingine, zinashusha kwenye bomba zinaondoka. Ya jeshi kazi yake ni kugawa, tena ikiwa inatembea. Utaijua kwa ile minara mirefu iliyosimama kwenye deki, mabomba yananing'inia kushoto na kulia, na nyuma kuna kiwanja cha helikopta. Tumboni kuna mafuta ya aina mbili, dizeli ya meli na mafuta ya ndege, na hayo hayachanganywi hata kwa bahati mbaya. Halafu kuna maji, chakula, vipuri, na zingine zinabeba mpaka risasi na makombora. Zile za Wajerumani za daraja la Berlin zina hadi hospitali ndani. Ukiiita tenka sikukatalii, ila umetaja nusu.

Wanajazaje mafuta meli zote mbili zikiwa zinatembea? Si zitagongana? (Mwanza)

Zinaweza kugongana, na ndo maana mabaharia wanaoifanya hii kazi nawaheshimu kuliko wale wa kubonyeza kitufe cha kombora.

Iko hivi. Meli ya mafuta inashika njia moja, haikati kona, mwendo kama kilomita 22 mpaka 28 kwa saa. Manowari yenye kiu inakuja kwa nyuma, inapanda taratibu mpaka zinalingana ubavu kwa ubavu, katikati panabaki kama mita 40 au 50 hivi. Fikiria bodaboda mbili zinapeana chenji huku zinakimbia, ila kila bodaboda ina uzito wa tani elfu kadhaa na haina breki. Wanaanza kwa kufyatua kakamba kembamba kwa bunduki maalum, kakidakwa upande wa pili kanavuta kamba nene, kamba nene inavuta waya wa chuma, waya unafungwa kwenye manowari na winchi inaulegeza na kuukaza yenyewe kila meli zinapoyumba. Juu ya ule waya ndo bomba linateleza mpaka mdomo wake unaingia kwenye tundu lake na kujifunga. Hapo pampu zinawashwa. Inapandishwa bendera nyekundu, maana yake mafuta yanapita, hakuna kuwasha hata kiberiti. Kuna kamba nyingine imevutwa kati ya meli mbili ina vibendera vya rangi, kila rangi na umbali wake, na kuna mtu kaikodolea macho muda wote.

Kwanini akodoe macho? Maji yanayopita kwenye ule uchochoro katikati yanakimbia zaidi, presha inashuka, meli zinaanza kuvutana. Aliyeshika usukani akisinzia kidogo tu habari imeisha. Kikiharibika kitu kuna amri ya kuachana kwa dharura, bomba linachomolewa, waya unaachiwa, kila mmoja anashika njia yake. Na huenda ubavu wa pili wa meli ya mafuta kuna manowari nyingine nayo inanyonya wakati huo huo. Usiku pia wanafanya.

Wamarekani walifanya hivi 1917, meli inaitwa Maumee, wakizijazia destroya (manowari nyepesi za kusindikiza) zilizokuwa zinavuka Atlantiki kwenda Ireland kwenye ile vita kuu ya kwanza. Mmoja wa maafisa waliosuka ule mpango ni Chester Nimitz, yule yule ambaye baadaye meli kubwa ya kubeba ndege ilipewa jina lake. Wengi mnalijua jina la Nimitz, Maumee mmeisikia leo.

Meli za kubeba ndege za Marekani ni za nyuklia, sasa mafuta ya nini? (wengi, tena na tena na tena)

Nishajibu hili mpaka nimechoka. Nyuklia inazungusha propela. Ndege zilizopangwa juu hazina nyuklia. Meli ya daraja la Nimitz inabeba zaidi ya lita milioni 11 za mafuta ya ndege, na ndege zikiruka kutwa kucha hayo yanashuka haraka kuliko unavyodhani. Watu kama elfu tano wanakula humo kila siku. Na haitembei peke yake, destroya zinazoilinda zinaunguza mafuta kama meli nyingine yoyote.

Septemba 2024 meli ya mafuta ya Wamarekani inayoitwa Big Horn, iliyokuwa inahudumia kundi la meli ya kubeba ndege Abraham Lincoln, iligonga chini ya bahari nje ya Oman, maji yakaingia ndani. Hapo hapo wakubwa wakaanza kuhangaika, huku na huku, mpaka tenka za kiraia zikaingizwa kwenye hesabu. Jeshi la maji lenye hela kuliko yote duniani linahangaishwa na meli moja isiyo na kombora hata la dawa. Atakayeniuliza tena nyuklia namrudisha hapa.

Babu alikuwa anatusimulia meli ya Wajerumani iliyofia huku kwetu Rufiji. Inahusiana na haya? (Utete)

Inahusiana sana ndugu yangu, na nashukuru umeuliza maana Königsberg watu wanaisimulia kama hadithi ya mizinga tu. Simulieni na makaa ya mawe.

1914 vita inaanza, Königsberg iko Bahari ya Hindi, haina bandari ya kuiamini zaidi ya pwani hii yetu, na kila nahodha wa enzi hizo alikuwa anaota makaa ya mawe usiku. Tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya Waingereza, City of Winchester, upande wa Oman, na kitu cha maana walichokichukua ni makaa yake, makaa yenyewe ya India, hafifu. Waingereza nao hawakuwa wajinga, wakawa wananunua makaa kwenye bandari za Wareno ili yasiwafikie Wajerumani. Kwa hiyo hiyo meli hatari ikawa inamsaka mpishi wake, meli ya makaa inaitwa Somali, mpaka ikajificha kwenye delta. Ilitoka Septemba 20 ikaizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, pale Zanzibar, wakati Pegasus yenyewe imesimama inatengenezwa mitambo, ikarudi Rufiji injini inasumbua. Vipuri vikavutwa na watu nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Nani walivuta? Babu zetu, ila kwenye vitabu vya wazungu wamepewa mstari mmoja.

Waingereza walipoigundua wakaziba midomo ya mto, na Novemba ile Somali ikaungua. Berlin ikatuma meli ya makaa nyingine imejifanya ya Denmark, ikazunguka Afrika yote, Aprili 1915 ikanaswa na manowari ya Waingereza karibu na Tanga, ghuba ya Manza. Makaa hayakufika Rufiji. Julai 11, 1915 Königsberg ikamalizwa palepale kwenye matope. Mizinga yake ilikuwa bado mizima, Wajerumani wakaing'oa wakaenda kupigania nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus Mombasa watu wanapigia picha. Unaona? Mizinga haikuwa shida yake.

Kwanini wasiingie tu bandari yoyote wakajaza? (Tanga)

Kwa sababu bandari ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kusema leo hapana. 1982 Waingereza walikwenda kupigania visiwa vya Falkland dhidi ya Argentina, zaidi ya kilomita 12,000 kutoka kwao, katikati wana kisiwa kimoja tu cha Ascension. Bila meli za mafuta wasingefika hata nusu. Hazikutosha zile za jeshi, wakachukua na tenka za kampuni ya mafuta ya BP. Moja, British Wye, ilirushiwa mabomu na ndege ya mizigo ya Argentina, bomu moja likadunda kwenye deki likaangukia baharini bila kulipuka. Wale walikuwa mabaharia wa kawaida wa biashara, hawakujiandikisha kuwa mashujaa.

Na karibu na kwetu: kuanzia 1966 mpaka 1975 Waingereza waliweka manowari nje ya Beira kuzuia mafuta yasiende Rhodesia ya Smith (Zimbabwe ya leo). Meli za mafuta zikawa zinawafuata huko huko baharini, na Mombasa ikawa moja ya sehemu za kwenda kupumzika. Kichekesho ni kwamba mafuta yaliendelea kuingia Rhodesia kupitia Lourenço Marques (Maputo ya leo) na Afrika Kusini. Miaka tisa unachoma mafuta kuzuia mafuta, na hayazuiliki. Siyo kosa la meli za mafuta, ni kosa la wanasiasa waliotaka waonekane wanafanya kitu.

Zina silaha? (Lamu)

Kidogo, za kujilinda. Ila zimewatosha maharamia. Oktoba 2009 usiku, wasomali kwenye boti mbili waliivamia meli mbali na pwani ya Somalia wakidhani ni mzigo wa biashara, kumbe ni La Somme, meli ya mafuta ya jeshi la Ufaransa. Boti moja ilikimbia, nyingine ikafukuzwa ikakamatwa na watu watano. Na Machi ya mwaka huo huo wengine walishajaribu kwa Spessart ya Wajerumani, wakakamatwa saba wakaletwa Kenya. Giza na umbo la tenka viliwaponza.

Kenya na Tanzania zinunue moja basi? (Nairobi)

Hapana. Kazi ya majeshi yetu ya maji ni pwani na ukanda wetu wa uchumi, wavuvi haramu, magendo, madawa. Ukishamaliza doria unarudi kambini, Mtongwe au Kigamboni. Angalieni Afrika Kusini, wana Drakensberg tangu 1987, meli nzuri waliyoijenga wenyewe Durban, lakini matengenezo yake yamepigwa danadana kwa kukosa hela. Kununua ni rahisi, kulisha ndo kazi. Anayetaka kutumia hela anunue boti za doria na mafuta ya kuziendesha mwaka mzima, maana boti iliyofungwa gatini sababu ya bajeti ya dizeli haimtishi mtu.

Iran nao si wana moja kubwa? (Kigoma)

Walikuwa nayo, Kharg. Iliungua ikazama karibu na Jask, Juni 2021.

Nimeona tangazo la kazi kwenye hizi meli za Marekani, wanataka laki tatu ya fomu. (Mbagala)

Matapeli. Meli za mafuta za jeshi la Marekani zinaajiri raia wa Marekani. Usitume hata mia.

Sisi wavuvi tukikutana nazo huko nje tufanyeje? (Mafia)

Swali la maana kuliko yote, na limeulizwa na mtu mmoja tu. Meli zinazopeana mafuta haziwezi kukukwepa, zimefungana. Mchana zinatundika maumbo matatu wima, duara, msonge pacha (umbo la almasi), duara. Usiku, kama hazijazima, ni taa tatu wima, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Ukiona hivyo au ukiona tu meli mbili kubwa zinakwenda sambamba zimekaribiana hivyo, usikatize mbele na usipite nyuma karibu, geuza mapema wakuone umegeuza. Usizisogelee kupiga picha, baada ya zile habari za maharamia boti ndogo inayokuja mbio wanaitafsiri vingine. Na jarife lako kama liko kwenye njia yao livute mapema, wakilipitia hakuna wa kumdai.